Siku Niliyomzalisha Mkwe Wangu

Waliokuwepo ni hawa. Mimi, mkunga wa miaka mingi kutoka upande wa Kwedizinga. Nesi mkufunzi, msichana mgeni huku kwetu. Mama wa Kimasai tuliyelala naye chumba kimoja wiki yote ya mafunzo, sisi tukimwita Yeyo. Wakunga wenzangu sita, wawili kati yao ni mtu na dada yake. Na mwanaume mmoja tu, mhudumu wa afya wa kijiji huko Kerenge, aliyemuoa binti yangu wa mwisho. Majina yao wote ninayo kichwani, hata la mama aliyetupikia uji, ila siyataji humu, maana wengine wana wajukuu wanaojua kusoma.

Mimi nimeishia darasa la tatu. Watoto nimewapokea mpaka wale niliowapokea wakaniletea wa kwao. Lakini siku hizi huzalishi nyumbani, unampeleka mama zahanati, na zahanati ya kule Kerenge walisema ndani ataingia mkunga mwenye cheti tu. Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Ya kwanza ilimtoka. Akasema bila mama yake mle ndani yeye haendi, atajifungulia nyumbani. Ndiyo nikaenda mafunzoni Korogwe.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Mmoja analala kitandani awe mama mjamzito, amefungwa mto tumboni, na mdoli wa mpira umefichwa chini ya shuka. Mwingine anamzalisha. Nani na nani, tuliokota vikaratasi. Nikampa Yeyo changu anisomee. Akakisoma, akacheka mpaka akakaa chini.

Nilikuwa nimempata mkwe wangu.

Sasa kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono. Hawasemeshani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mwenzake apite. Miaka miwili alikuwa hajanisemesha neno, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Nikamweleza nesi taratibu, nikaomba nibadilishiwe. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Bibi, humu darasani hakuna mkwe. Kuna mjamzito."

Basi mjamzito akapanda kitandani. Alijifunika kanga gubigubi, uso wote, akalala kama maiti. Mimi nikampa mgongo, nikatazama dirisha.

"Yeyo," nikasema, "muulize huyo mama uchungu umeanza lini."

"Mama, unaulizwa uchungu umeanza lini."

"Mwambie tangu alfajiri," ikajibu kanga.

"Anasema tangu alfajiri."

"Nimemsikia," nesi akasema.

"Mimi sijamsikia," nikamwambia, na nikaendelea kutazama dirisha.

Kupima tumbo nesi alikataa Yeyo apime, lazima iwe mikono yangu. Nikajiambia mto si mkwe. Nikarudi kinyumenyume, nikanyoosha mikono nyuma, nikapapasa mto, na yeye akavuta tumbo lake ndani mpaka nadhani liligusa godoro. Nikatangaza mtoto amekaa vizuri. Nesi akaandika kitu, sikujua ni kizuri au kibaya.

Ikafika kusukuma. Yule kijana, kwa hofu yake, aliusukuma ule mdoli kwa mikono miwili ukatoka kama embe linaloanguka mtini. Nikaudaka kwa aproni, mgongo umegeuka, kwa kusikia tu shuka inavyochakarisha. Wenzangu wakapiga vigelegele. Nikaufuta, nikaufunika kichwa, nikaona nimemaliza.

"Bado," nesi akasema. "Mtoto anapoa. Awekwe kifuani kwa mama yake sasa hivi, na wewe umtazame mama usoni uone hali yake. Usipofanya hivyo, bibi, sikupi cheti."

Hata Yeyo hakucheka. Nilisimama na mdoli wangu, nikamwona binti yangu anajifungua peke yake kwenye ile nyumba yao ya bati, kwa ubishi aliourithi kwangu mwenyewe. Nikageuka. Mkwe wangu akashusha kanga mpaka kidevuni, jasho linamtiririka kama kweli amezaa. Nikamlaza mdoli kifuani, nikamtazama machoni.

"Hongera, mama," nikamwambia.

"Asante, mkunga," akajibu.

Nikapata cheti. Nyumbani wazee walikaa kikao kama tumevunja mwiko au vipi, wakabishana toka asubuhi mpaka adhuhuri, wakaafikiana kwamba aliyelala pale alikuwa mwanamke, kwa hiyo hakuna mkwe aliyeguswa. Yeye na mimi tumerudi kwenye majani yetu njiani kama kawaida.

Wiki tatu baadaye kule Kerenge niliingia na binti yangu mpaka ndani, nesi wa zahanati kushoto, mimi kulia. Katikati ya uchungu akanishika mkono, akaniuliza, "Mama, ni kweli ulimzalisha mume wangu?"

Nikamwambia, "Sukuma."

Akasukuma, akatoka mtoto wa kike, akalia kabla hata hatujamfuta.

Kama kuna nilipokosea, ninyi tuliokuwa pamoja mnisahihishe, sitanuna. Hasa hapo kwenye "sukuma". Binti yangu anashikilia kwamba nilijibu "ndiyo", tena kwa kujivuna, na kwamba nesi wa zahanati alisikia.