Elfu Moja na Tisa Hawapangiki

"Dada, hata mchwa wanajipanga. Dunia nzima, tangu iumbwe, ni wewe peke yako uliyeshindwa kuweka watu kwenye mstari."

Aliyesema hivyo ni meneja wa kiwanda cha nguo. Aliyeambiwa ni dada yake wa tumbo moja, aliyembeba mgongoni meneja huyo huyo enzi za kulowesha nguo za watu. Kiwandani wanamwita Mama Nyoosha, maana kila mwaka, siku ya picha, ndiye anayepanga watu uani akifoka, "Nyoosha hapo, nyoosha." Picha hupigwa kutoka juu ya paa, na mwenye kiwanda anataka boksi kamili: safu zote sawa, asibaki mtu. Marobota ya vitambaa yanapangwa hivyo, basi na watu nao vivyo hivyo.

Mwaka huu wafanyakazi, ukimwacha meneja, ni elfu moja na tisa, Mama Nyoosha akiwemo.

Asubuhi nzima alikuwa kwenye meza ya kukatia, akipanga vifungo badala ya watu. Safu saba, kikabaki kimoja. Kumi na moja, vikabaki vinane. Kumi na saba, sita. Alipovuka thelathini na moja, mhasibu akamwonea huruma, akamwambia asijichoshe: thelathini na mbili mara thelathini na mbili imeshaipita idadi, kwa hiyo kama safu chache zimekataa, nyingi nazo zitakataa. Elfu moja na tisa ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Labda awapange mstari mmoja mpaka kwa jirani. Mama Nyoosha akaitukana namba ya watu, namba ambayo haijamkosea mtu.

Meneja alipoelezwa, akasema huo ni uvivu uliovaa miwani. Dawa ipo: atoke mmoja, wabaki elfu moja na nane, safu ishirini na nane za watu thelathini na sita, mambo shwari. Na wa kutoka ameshampata: Bibi Vifungo, fundi mkongwe wa kushona vifungo, kwa kuwa mguu umemvimba na fimbo yake inaharibu mstari.

Bibi Vifungo anastaafu mwezi ujao. Picha hii ndiyo yake ya mwisho, na alikuwa ameshakaa kwenye benchi uani na gauni jipya, anasubiri kuitwa.

"Suruali yako ya kwanza ya shule aliishona huyo unayemtoa," Mama Nyoosha akasema. "Ingia wewe basi. Tuwe elfu moja na kumi, safu kumi za watu mia moja na mmoja."

"Uwanja hautoshi. Halafu meneja hapigwi picha na mafundi."

"Ahaa. Kumbe."

"Namba ni namba, dada. Lazima mmoja atoke. Kama si yeye, nani?"

Mama Nyoosha akamtazama kuanzia viatu hadi utosini, kama anayetafuta pa kuanzia kufumua. Halafu akageuka, akapita katikati ya watu waliokuwa wakingoja kupangwa, akaelekea getini, akatoka.

"Dada, nimeuliza nani?"