Wimbo Uliokatika Magharibi

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko siku niliyoota meno. Ilikuwa miaka ile ya Uhuru, bendera haijapauka, nami nakata miwa Ramisi, kijana mwenye kifua kipana hata mlangoni nikipita kwa ubavu.

Kiwandani palikuwa na fundi wa mitambo, Myahudi, tukimwita Yakubu. Alikimbia kwao Ulaya wakati wa vita, ndugu zake wakauawa wote, akaja huku na kodiani, kile kinanda cha kuvuta kifuani, kubwa kama ndama. Akitoka kazini hutunga nyimbo, tena kwa Kiswahili chetu hiki. Maneno yalimpinda ulimi, lakini wimbo akiutoa asubuhi, jioni waimbwa na wanawake kisimani Munje na madereva wa malori kule Samburu. Kuku wakiusikia, wallahi, walitaga kabla ya siku zao.

Basi nikaposa. Mama mkwe akasema mahari wamepokea, lakini bila Yakubu binti yake hatoki ndani. Nikaapa atakuja. Ngoma nikaitangaza kila mahali, Ijumaa baada ya Magharibi. Yakubu mwenyewe sikumwambia mpaka Alhamisi yake, siku moja kabla.

Akasema wimbo keshautunga, na jina la bibi harusi limo, lakini Ijumaa jua likitua hagusi kodiani mpaka litue la Jumamosi.

"Bwana, Uhuru umekuja," nikamwambia, "na bado wataka kutupangia siku?"

"Hata ningekuwa naoa mimi, singepiga," akajibu, akarudi kwenye mtambo wake.

Nikaenda mbio kwa Mjomba Bakari, mwalimu wa chuo cha Qur'ani, nikijua atanitetea. Akanisikiliza mpaka mate yakanikauka.

"Leo jua likitua, utakuwa usiku wa nini?"

"Wa Ijumaa, mjomba."

"Na kesho likitua?"

"Wa Jumamosi."

"Basi hesabu yake ndiyo yako. Jumamosi ndiyo Ijumaa yake. Mtu kapoteza nchi, kapoteza ndugu, kabakiwa na siku moja, nawe wataka umnyang'anye uichezee ngoma?"

Nikarudi kumtaka radhi. Ngoma tukaisogeza, ikaanza watu walipotoka swala ya Ijumaa. Yakubu akapiga hata minazi ikainama kusikiliza. Wimbo wetu akauweka mwisho. Jua likatua ubeti wa mwisho haujesha. Akafunga kodiani papo hapo, akaitia sandukuni. Mama mkwe akanitazama, nikatamani niwe panzi.

Kisha mama mkwe mwenyewe akapiga kofi, akaudaka wimbo pale ulipokatika. Wanawake wakaitikia. Yakubu kakaa, mikono magotini, wimbo wake unakwenda bila yeye, na machozi yanamtoka. Mimi nilidhani ni moshi wa pilau. Usiku ule Yakubu akalala kwa Mjomba, maana siku yake ile hasafiri.

Hata leo, harusi za huku Msambweni, ubeti ule wa mwisho huimbwa kwa makofi matupu. Wengi hawajui kwa nini. Wewe sasa wajua.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akikwambia siku fulani haji, usimwambie anaringa. Muulize siku ile ina nini kwake, kisha usogeze yako kama yasogezeka. Nawe Mungu akujaalie harusi yenye kelele, mama mkwe mwenye sauti, na siku yako moja ambayo hapana wa kukunyang'anya. Amin.