Friji la Wifi Limepita, Wageni Wangu Wamekwama Getini

Admin, jina langu lifiche, Karatu usiifiche. Nina miaka 36, mzaliwa wa Mbulumbulu, nimeolewa na mtu wa Moshi, tuna watoto wawili. Nina kampuni ndogo ya utalii, magari mawili tu, niliyoianza baada ya kuajiriwa na mzee mmoja wa hapa mjini kwa miaka saba.

Siku hizi getini Ngorongoro hawapokei pesa mkononi, kwa hiyo nalipia viingilio kwa kadi ya mkopo ya kampuni. Mwezi uliopita nikapata wageni kumi na wawili kwa mpigo, kundi langu kubwa kuliko yote. Viingilio vyao vilizidi kikomo cha kadi. Nikapiga simu benki nikaomba wanifungulie nipitilize kikomo kwa siku tatu. Wakakubali. Nilikuwa mezani nakunywa chai na mume wangu, simu nimeweka sauti ya juu, hata tukapongezana.

Namba ya siri ya kadi mume wangu anayo. Nilimpa mwenyewe, kwa siku ambazo siwezi kwenda getini.

Asubuhi ya safari ukungu umetanda, wageni wameshavaa makoti, nipo dirisha la malipo getini. Dada wa malipo akajaribu kadi mara tatu. "Mama, kadi imekataa. Una nyingine?" Sina nyingine. Nikampigia mume wangu.

Akasema, "Nilitaka kukuambia jioni. Jana nilienda Arusha na kadi yako, usiku nikairudisha. Nimechukua friji na sofa za send-off ya dada. Niliahidi mbele ya kamati, ulitaka kaka mkubwa niaibike?"

Nikamuuliza, "Na mimi hapa getini niko mbele ya nani?" Akasema nisikuze mambo.

Ikabidi nimpigie bosi wangu wa zamani. Alikuja haraka sana, nadhani aliendesha huku anacheka. "Binti yangu, nakulipia. Lakini wageni wanapanda magari yangu." Nikawahamisha mimi mwenyewe, mmoja mmoja, na mifuko yao ya chakula. Wakala aliyewatuma ameshaniandikia kwamba msimu ujao atafanya kazi na yule mzee. Nina madereva wawili, sijui nitawaambia nini.

Benki wamenipa fomu. Kama kadi ilitumika bila idhini yangu nisaini, niambatanishe na ripoti ya polisi, watachunguza na pengine nitaokoa kampuni. Mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa. Mume wangu anasema namba ya siri nilimpa, kwa hiyo idhini nilimpa. Ndivyo anavyonijibu, akiwa anachezea rimoti. Tangu siku ile hajasema samahani hata kwa bahati mbaya.

Mama mkwe amepiga kutoka Moshi. "Mwanangu, mume hashtakiwi kwa ajili ya friji." Sawa mama. Ila sijasikia mtu yeyote upande wenu akisema mke haibiwi kwa ajili ya friji.

Kinachoniuma zaidi ni wifi mwenyewe. Hajui lolote, na ananipenda. Ameniletea kitenge cha sare na kuniambia, "Wifi, wewe na kaka ndio mtatangulia kwenye zawadi."

Friji liko sebuleni kwangu, bado lina nailoni, maana gari la kulipeleka Moshi linakuja Ijumaa hiyohiyo. Fomu ya benki iko juu yake, kitenge kiko pembeni. Nikisaini, polisi wataanza na baba wa watoto wangu. Nisiposaini, Jumamosi kwenye send-off nitacheza ukumbini nyuma ya kampuni yangu iliyofungwa utepe mwekundu, na MC atamtaja mume wangu, watu watapiga vigelegele.

Msiniambie nisali, nimeshasali. Mngekuwa ninyi, kalamu mngeishika au mngeiacha?