Barua Moja kwa Mume na Mke

Jamani, leo kalamu yangu imemfungia mama wa watu duka!

Mimi, darasa la sita tu, ila Kasulu nzima nani ananishinda kuandika barua?

Mzee Saidi na mkewe, Mama Zena, kila mmoja ana duka lake na fomu yake ya kodi. Walichelewa kuzirudisha, nikawaombea muda zaidi kwa watu wa kodi. Barua moja, jina la mume. Nikawatambia, "Mke na mume si kitu kimoja?"

Leo afisa wa kodi kaja. "Mzee kaongezewa mwezi. Mama hakuomba."

Duka la mama likapigwa kufuli, vitenge vyote ndani.

"Baba Zena, twende tukamsihi," mama akalia.

Mzee huyo anafungua lake. "Ngoja kwanza, nina wateja."

Semeni nyie. Mke na mume ni kitu kimoja?