Paja la Kulia na Buru la Baba

Aliyenifundisha kukimbia na mkono mmoja alikuwa mlinzi wa gati pale Homa Bay, Mkuria aliyewahi kuwa sajini katika jeshi la Waingereza. Kabla yake nilikuwa nakimbia tu. Nilikuwa tarishi wa ofisi ya serikali, kazi yangu kubeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile na barua kutoka ofisini kwenda posta, na kwa kuwa sipendi kuchelewa nilikuwa nazipeleka mbio. Siku moja napita karibu na gati akaniita.

"Bwana tarishi! Unajua unakimbia upande upande kama kaa?"

Nilikasirika kidogo. Mkono wangu wa kushoto ulichukuliwa na mashine ya kukamulia miwa nikiwa mtoto, kule kwetu upande wa Migori, kwenye kiwanda kidogo cha sukari nguru ambako baba alikuwa akifanya kazi. Nilizoea watu kuutazama, sikuzoea mtu kuutaja waziwazi. Lakini alisema kweli. Mkono mmoja ukipepea na mwingine haupo, mwili huvutwa, na penye kona huvutwa zaidi. Akanifundisha kuubana mkono uliobaki karibu na mbavu, na kulisukuma bega la kushoto kana kwamba bado lina kazi. Nilifanya hivyo mpaka nikawa naota ndotoni nafanya hivyo.

Sajini alipenda utani wa ng'ombe. "Sisi Wakuria ndio tuliwafundisha nyinyi Wajaluo mbio," alikuwa akiniambia. "Tunachukua ng'ombe zenu usiku, asubuhi mnatufuata. Bila sisi mngekuwa mnatembea tu."

"Na siku tulizowakamata?"

"Hizo tulikuwa tumepumzika."

Tulizungumza Kiswahili kwa sababu yeye hakujua Kijaluo vizuri na mimi Kikuria sikijui kabisa. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Changu ni cha darasa la sita, na msomaji ataona.

Ndipo ikaja habari ya mashindano. Afisa wa ustawi wa jamii alitangaza kwamba Nairobi kutakuwa na michezo ya vilema kutoka nchi zetu za Afrika Mashariki. Ndivyo tulivyoitwa siku hizo. Wenye mkono mmoja wangekuwa na mbio zao, na wilaya yetu ingepeleka mtu mmoja. Tulishindana watatu uwanjani Homa Bay, nikashinda. Kwa haki lazima niseme kwamba aliyenifuata, mvuvi kutoka Rusinga, alikuwa amekesha ziwani na nyavu. Sijui ingekuwaje kama angelala.

Hapakubaki muda mrefu kabla ya safari, na mimi nikaumia. Ilikuwa barabara ya Rangwe, penye mwinuko. Nilisikia kitu kikivuta nyuma ya paja la kulia, kama mtu amenishika suruali, halafu maumivu. Sajini alisema sikupasha mwili moto. Mimi nilisema ni yeye aliyetaka nirudie ule mlima mara nyingine. Nikifikiria sasa, huenda kila mmoja alisema nusu ya ukweli.

Dresa wa hospitali aliubonyeza mguu akasema nipumzike mpaka mvua ziishe. Mvua zikiisha Nairobi ingekuwa imepita. Sajini akanipeleka ziwani. Alisema jeshini waliwahi kuwafanyia farasi hivyo, na ikiwa farasi alipona, tarishi ni nani asipone? Kila asubuhi kabla ya kazi niliingia maji ya kiuno nikakimbia humo, polepole, maji yakinishika huku na huku, na yeye amesimama ufukweni na koti lake la zamani akihesabu kwa sauti. Wanawake waliokuwa wakifua hawakutuacha.

"Tarishi! Faili limezama wapi?"

"Mwache, anamtafuta kiboko aje kumposa dada yake!"

Nilicheka nao. Paja nalo lilianza kuachia. Nikatoka majini nikaanza kukimbia kwenye mchanga, halafu kwenye majani ya uwanja. Sajini hakunisifu, kwa kuwa hakuwa na tabia hiyo, lakini siku moja aliacha kuhesabu, akanitazama tu mpaka nikarudi mahali alipo. "Haya," akasema. Neno hilo lilinitosha kwa siku kadhaa.

Baba sikumwambia habari za Nairobi. Ni jambo ambalo mtu anaweza kulielewa vibaya, kwa hiyo nieleze. Tangu siku ya ile mashine, baba hakurudi tena kiwandani, na hakuwahi kuutaja mkono wangu. Akinisalimia alinitazama usoni tu, hakushuka chini ya kidevu. Nilidhani nikirudi kutoka Nairobi na kitu, chochote kile, hata karatasi, nitaweza kukiweka mezani na yeye atalazimika kukitazama pamoja na aliyekileta. Ndivyo nilivyopanga. Labda yalikuwa mawazo ya kitoto.

Mfanyabiashara mmoja wa kwetu alikuja ofisini akaniambia baba ni mgonjwa sana, nifike nyumbani. Kwetu mtu aliye mbali haambiwi kifo. Anaambiwa ugonjwa, na yeye mwenyewe anamalizia njiani. Nilimalizia palepale mlangoni, na mafaili kwapani.

Sajini alinisindikiza kwenye basi.

"Nenda uzike mzee. Lakini hii mguu si yako tena, ni ya wilaya. Usikimbie hata ukiona nyoka."

"Nimesikia, Sajini."

"Hata nyoka wawili."

Hakutaja buru. Nadhani alijua, maana Wakuria na sisi tumekaa jirani miaka mingi na kuzikana pia. Labda aliogopa kwamba akilitaja litakuja.

Buru ni hivi. Mwanamume mwenye mji akifa, wanaume wa ukoo huwatoa ng'ombe wake, huwapeleka mpaka mwisho wa ardhi, kwa mikuki, pembe na nyimbo, wakimfukuza mauti aende zake asirudi kwenye boma. Mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza hutangulia. Huyo ni mimi.

Mama alikuwa Msabato. Baba hakubatizwa, alikuwa akimsindikiza mama hadi mlango wa kanisa siku ya Sabato na kurudi. Wazee wa kanisa walikuja, wakaimba, wakaomba, wakala kidogo walichopewa. Mmoja wao alisema buru ni kazi ya giza, mama akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniita nyuma ya jiko.

"Mwanangu, baba yako yuko kwa Mungu. Ng'ombe hawawezi kumsaidia kitu tena."

Nikasema ndiyo, mama. Nilifurahi moyoni, sifichi, kwa sababu neno lake lingeniokoa mguu.

Baba mdogo alinijia jioni. Sitaki kumsingizia, na watu waliosikia baadaye wamemsema vibaya. Hakunilazimisha. Aliniketisha kwenye gogo akanena polepole, macho yake mekundu.

"Wuod owadwa," akasema, yaani mtoto wa ndugu yetu, "ng'ombe hawawezi kutoka kabla yako. Ukikataa tutakaa tu, hakuna atakayekulaumu. Lakini hawatatoka."

"Paja langu ni gonjwa, baba."

"Basi tembea. Nani amesema ukimbie? Tangulia tu, watu wakuone."

Neno Nairobi nilikuwa nalo mdomoni. Lakini mbele yangu alikuwepo mtu aliyemzika kaka yake asubuhi ileile. Ningeanzaje kumwambia habari za mchezo? Nikasema nitatembea. Mama, kesho yake aliponiona nimeshika mkuki wa baba, aliingia ndani akafunga mlango taratibu bila kuubamiza. Ngao ilitaka mkono wa pili, kwa hiyo baba mdogo aliibeba yeye, akasimama upande wangu wa kushoto.

Tulitoka tukitembea. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, tulitembea mwendo mrefu, na mimi nikiuchunga mguu kama yai. Tukapita mashamba ya njugu, tukashuka kwenye kijito. Nyuma yetu pembe zilikuwa zinalia na vijana wakipiga kelele. Tulipopanda ng'ambo, fahali mweusi wa baba, ambaye watoto walimwogopa, akashtuka na kuanza kukimbia. Wenzake wakamfuata. Na wanaume wote wakaanza kukimbia.

Nimejaribu mara nyingi kuandika kilichofuata kwa haki. Nikisema nilisukumwa nitakuwa mwongo, hakuna aliyenigusa. Nikisema niliamua, huo nao ni uongo, maana sikumbuki kuamua. Ninachokumbuka ni vumbi, na kishindo cha ng'ombe kwenye nyayo zangu, na baba mdogo upande wa kushoto na ile ngao, na mwili wangu haukuvutwa upande hata kidogo. Nilikuwa nalia kwa sauti kama wengine. Nilimpita fahali. Sijawahi kukimbia vile tena, na kabla ya hapo pia sikuwahi.

Karibu na mpaka paja likakatika. Lilitoa sauti kama kitambaa kikuukuu kinapopasuliwa. Nikaanguka kwenye njugu za watu, mkuki ukaruka kando. Wengine walipita mbio, walidhani nimelala chini kwa majonzi, na hata hilo kwetu hutokea. Niliwasikia wakifika mpakani, pembe zote zikalia kwa pamoja.

Nilirudi Homa Bay wiki ile ile. Sajini aliuona mguu kabla sijashuka basi. Alinikalisha kwenye benchi la gati, akapandisha suruali, akatazama weusi uliokuwa umeshuka mpaka nyuma ya goti.

"Nani?"

"Buru."

Akatema mate ziwani. "Huyo baba yako mdogo," akasema, "akikanyaga Homa Bay hii, nitamwambia maneno. Kwa Kiswahili. Na kama hasikii, kwa Kikuria."

Niliomba tujaribu. Nilisema labda ni uvimbe tu. Akaniruhusu, nadhani kwa kujua kwamba maneno yake peke yake nisingeyaamini. Nikasimama uwanjani kwenye mstari, akapiga makofi, nikatoka. Hatua za kwanza nilizivumilia. Kwenye kona mguu ukakataa kubeba, nikaketi chini mwenyewe. Sajini hakuja kuninyanyua. Aligeuka akaenda moja kwa moja ofisini kwa afisa.

Alikwenda mvuvi wa Rusinga. Safari hii alikuwa amelala vizuri, akawa wa pili, na huko nasikia walimpigia makofi sana. Aliporudi alikuja ofisini kunionyesha medali. Niliishika, nikampa mkono. Sijui kama kuja kwake kulikuwa wema au majivuno, ila kwa kuwa alikuwa mtu mpole nachukulia kwamba ni wema.

Baba mdogo alifika mwezi uliofuata, siku ya soko, na kuku mmoja. Nilikuwa chumbani kwangu na Sajini amekuja kunichua paja kwa mafuta, kama alivyokuwa akifanya kila Jumapili ingawa hapakuwa tena na la kujiandalia. Nikawatambulisha. Nilikumbuka ile ahadi ya Sajini ya kumwambia maneno.

"Huyu ndiye aliyekufundisha mbio?" baba mdogo akauliza. "Basi, mzee, ulifanya kazi. Kwetu wanasema buru kama la ndugu yangu halijaonekana. Huyu alimpita fahali. Fahali! Na mkono mmoja!"

Sajini alimtazama. Alinitazama na mimi. Akafuta mafuta vidoleni polepole kwa kitambaa.

"Fahali wa rangi gani?" akauliza.

"Mweusi. Wa pembe za kuinama."

"Hao ni wabaya. Sisi kwetu hao tulikuwa tunawaacha, tunachukua wengine."

Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. Sajini naye akacheka. Wakaanza kuulizana habari za malisho, za kupe, za nani alikuwa akiiba kwa nani zamani. Nilikuwa nimechuchumaa penye jiko, mguu mmoja nimeunyoosha pembeni, nikingoja mmoja wao aseme lile neno Nairobi. Sajini alilijua, na mwingine hakuwahi kuambiwa. Hakuna aliyelisema. Nikaongeza maji kwenye sufuria ya chai, kwa maana walionekana watakaa.