Bimdogo na Ng'ombe wa Mkange

Dada yangu Bimdogo alikuwa na kichwa kigumu, na mimi Mwanamkasi, mdogo wake, ndiye wa kuulizwa. Miaka ile ya misafara ya pembe, kabla ya bendera ya Wadachi, nusu ya Bagamoyo ilikunywa maziwa ya zizi lake. Mumewe alishakufa, ng'ombe wale ndio waliomlisha na kumvika.

Basi bintiye Mize, aliyeolewa Mkange, akaja kujifungua, maana uzazi wa kwanza ni nyumbani kwa mama. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka! Amepanda punda, na nyuma shemejiye Bwanaheri anaswaga ng'ombe wa maziwa, zawadi ya wakwe kwa mzazi. Tukasalimiana, dada akauliza habari za nyumbani. Bwanaheri akasema wazima, ila ndama wanatoka udenda na kuchechemea, tangu ng'ombe wa msafara walale zizini mwao.

Dada akasimama katikati ya mlango wa zizi, mikono kiunoni. Akasema ugonjwa ule ukimpata mmoja umewapata wote, kwa hiyo ng'ombe haingii.

Uso wa Bwanaheri ukakunjamana. "Ukimkataa ng'ombe, mama, umetukataa sisi. Basi na Mize narudi naye."

Mtoto wa watu, mimba imetimia, arudishwe juu ya punda? Nikamwambia dada aache ukaidi, ng'ombe mwenyewe mzima, anang'aa. Wapi! Akajitwika mkeka na chungu, akasema zawadi ameipokea kwa mikono miwili, ila ataishi nayo yeye mwenyewe, pamoja na Mize, kwenye kibanda cha shamba ng'ambo ya kijito. Bwanaheri akaondoka amenuna. Zizi nikaachiwa mimi, na amri juu: asivuke mtu, ugonjwa usije na nyayo zetu. Chakula na maziwa niweke ukingoni, nirudi.

Haikupita wiki, yule mzima anayeng'aa akaanza kudondosha udenda! Nilimwona kwa macho yangu kutoka ukingoni.

Alfajiri moja vigelegele vikapasuka ng'ambo. Mtoto wa kike! Wallahi, miguu yangu iliingia majini yenyewe.

"Mwanamkasi, usivuke!" dada akapaza sauti.

Nikarudi. Nikakamua huku nalia na kucheka, ng'ombe wananishangaa. Hakuugua hata mmoja wao.

Mtoto alipotimiza arobaini, Bwanaheri akaja kumwona. Nilikuwa nimemwekea maneno, ulimi unaniwasha. Hakunipa nafasi. Ndama wa kwao walikuwa wamekwisha kufa wote. Alisimama mbali na zizi, viatu mkononi, miguu ameiosha mpaka magotini.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema. "Niambie nisipite wapi."