Nguzo Zisizobeba Kitu

Bi Kiyono alikuwa juu ya ngazi, anatundika matunda ya kaki aliyoyamenya asubuhi, yakaushwe na upepo wa bondeni. Kamba alizifunga kwenye nguzo mbili za zege zilizosimama tupu kando ya daraja la barabara kuu. Zilijengwa zisubiri daraja la pili, siku magari yakizidi. Zimesubiri miaka thelathini na moja, juu ya shamba lililokuwa la mumewe.

Akaja kijana wa ofisi ya barabara, Nagase, kofia ngumu kichwani. Akainama sana, akanyoosha sanduku la keki za maharage.

"Samahani kwa usumbufu, mama. Kamba hizi ziondoke. Hapa pametengwa kwa upanuzi."

"Upanuzi wa lini?"

"Mpango upo, mama."

"Hata aliyekuja kwa mume wangu alisema upo, na wewe hujazaliwa. Miti yetu sitini ikang'olewa, yakaota magugu. Hayo magugu mbona hamyafukuzi?"

Nagase akainama tena, sanduku bado mkononi. Bi Kiyono akashuka. Alilijua hilo sanduku. La kwanza mumewe alilipokea kwa adabu, na huku kwetu ukishapokea sanduku la samahani, umesamehe, huna tena la kusema.

"Rudi nalo, mwanangu. Siku mkija na saruji, kamba nitafungua mwenyewe."

Akapanda ngazi, akaendelea kutundika. Nagase akaenda zake na keki zake.